Mwalimu, Mwanangu Anataka Alicho Nacho Mwenzake

Safu ya maswali ya wasomaji mara hii imetengwa kwa jambo moja. Barua nne zimenifikia kutoka kwa watu wasiojuana, na zote zinahusu watoto wanaojipima kwa vitu walivyo navyo au walivyovikosa. Nimezifupisha na kuondoa yote ambayo yangeweza kuwatambulisha waandishi wake.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na hajawahi kunisumbua. Muhula huu ameanza kukataa kwenda shuleni kwa sababu wenzake wanazicheka raba zake, ambazo bado ni nzima kabisa. Nilimwambia aache upuuzi, akalia, kisha akakaa siku mbili bila kusema nami. Mwishowe nilibana matumizi mengine nikamnunulia aina aliyoitaka. Alifurahi kwa wiki tatu hivi. Sasa anasema aina hiyo imepitwa na wakati, na anataka saa ya mkononi kama ya mwenzake. Mimi na baba yake hatukulelewa hivyo, na tunaogopa kwamba tunalea mtoto asiyetosheka. Tumekosea wapi? (Mama mwenye wasiwasi)

Marahaba, mama. Kabla ya kufika mlipokosea, ambapo si pakubwa kama unavyodhani, naomba turudi kwenye zile siku mbili alizonyamaza, maana hapo ndipo mwanao alipokuwa akikueleza jambo lenyewe. Mtoto wa miaka 12 hawezi kumwambia mzazi wake, "Nimedharauliwa mbele ya watu na sijui nisimame wapi kesho." Maneno hayo bado hana. Anachoweza kusema ni kwamba anataka raba.

Nilifundisha watoto wa umri huo kwa miaka mingi. Namkumbuka mvulana mmoja aliyekuwa akiingia darasani kabla ya wenzake wote, asubuhi baada ya asubuhi, nasi walimu tukamsifu kwa kuwahi. Nusu ya muhula ilipita kabla sijagundua kwamba aliwahi ili aketi na kuficha miguu chini ya dawati kabla mtu yeyote hajamwona akitembea. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe, kwa mishono mikubwa ya mkono, na alikuwa ameipaka wino wa kalamu ili ifanane na weusi wa kiatu, lakini wino ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Wakati wa mapumziko alibaki ndani akisema anapenda kusoma, na kwa hilo pia tulimsifu. Kosa hilo langu halijanitoka moyoni hadi leo. Mtoto alikuwa akiteseka mbele ya macho yangu ili asionekane, nami nikawa namwita mfano wa kuigwa.

Mwanasosholojia wa Marekani Allison Pugh, aliyechunguza kwa karibu maisha ya watoto wa familia za vipato tofauti, aliona kwamba mara nyingi watoto hutaka kitu ili waweze kuingia katika mazungumzo ya wenzao bila kuaibika, wala nia yao haiwi kuwashinda. Ninaamini hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanao. Kwa hiyo neno "upuuzi" lilimwangukia vibaya, kwa kuwa alilisikia kama hukumu juu ya maumivu yake. Mzazi anaweza kukataa kununua kitu bila kuyakana maumivu ya mtoto, na ninakuomba uyatenganishe mambo hayo mawili kuanzia leo. Mwambie, "Najua walikucheka, na najua imekuuma, hebu nieleze walisemaje." Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, bila kumkatiza kwa mawaidha na bila kumsimulia jinsi ninyi mlivyokwenda shule katika shida. Habari za raba au saa zingoje hadi kesho yake.

Umri wake nao una nafasi kubwa katika jambo hili. Mwaka 2007 watafiti Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa miaka 8 hadi 9, wa miaka 12 hadi 13, na vijana wa miaka 16 hadi 18. Mapenzi ya vitu yalipanda kutoka kundi la kwanza hadi la pili, kisha yakashuka katika kundi la tatu, na kujithamini kwa watoto kulikwenda kinyume chake, yaani kulishuka pale mapenzi ya vitu yalipopanda. Mwanao basi yuko kileleni mwa mlima ambao watoto wengi huupanda na kuushuka. Kilichonigusa zaidi ni sehemu nyingine ya utafiti huo: watoto walipofahamishwa mambo mema ambayo wenzao walikuwa wamesema juu yao, ile hamu ya vitu ilipungua, hasa kwa wale wa miaka 12 na 13. Hakuna aliyewahubiria kuhusu tamaa. Walijua tu kwamba wanathaminiwa, na haja ya kujisitiri kwa vitu ikapoa.

Ningependa basi mwanao awe na mahali ambapo watu wanamhitaji. Sifa za juu juu hazitasaidia, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 huzitambua mara moja. Mpe kazi halisi ambayo isipofanywa naye itaonekana haijafanywa, na ambayo wengine watakuja kumwuliza habari zake: kuziba pancha za baiskeli, kumfundisha mdogo wake kusoma, kuweka hesabu za timu ya mtaani kwake, kupiga ngoma katika kikundi. Mtoto anayetafutwa na wenzake kwa sababu anajua kukaza mnyororo wa baiskeli tayari ana la kusema anapokaa nao, hata akiwa amevaa raba za zamani.

Sasa nifike kwenye makosa. Sioni kwamba kununua raba kulikuwa kosa lenyewe. Zipo nyakati ambapo kukosa kitu humfungia mtoto nje kabisa, na mzazi mwenye uwezo akikinunua anamtendea haki. Kilichoharibika ni kwamba raba zilikuja baada ya machozi na siku mbili za kimya, pasipo mazungumzo yoyote, kwa hiyo somo alilolipata ni kwamba kimya hulipa. Jambo la pili silioni katika barua yako, lakini nalikuta katika nyumba nyingi, kwa hiyo nitaliuliza: mnapokataa, huwa mnasema nini? Wazazi wengi husema "hatuna pesa" hata pale pesa zipo ila zina kazi nyingine. Siku mtoto anapoona kitu kingine kimenunuliwa, hujua kwamba alidanganywa, na tangu hapo kila "hatuna" huwa mlango wa kusukumwa. Semeni ukweli: "Pesa zipo, lakini tumeziweka kwa ajili ya karo na matibabu ya bibi, na hatuziondoi huko." Sentensi hiyo ni nzito kwa mtoto kuisikia, ila inamfundisha kwamba kukataliwa kwake kuna sababu anayoweza kuielewa na hata kuiheshimu. Zikiwa hazipo kweli, mwambieni hazipo, bila kuona haya, maana mtoto huiga haya ya wazazi wake upesi kuliko anavyoiga maneno yao.

Kuhusu zile wiki tatu, hilo ni umbile la binadamu wote. Kitu kipya huzoeleka, na furaha yake hurudi ilikokuwa. Msimwambie hivyo kwa kumsuta, mwonyesheni. Fungueni pamoja lile sanduku au kabati lenye vitu alivyowahi kuvitamani sana, mtoe kimoja kimoja, na mwulizeni kila kimoja alikitaka kwa muda gani na alikitumia kwa muda gani. Kisha saa hiyo anayoitaka aiandike kwenye karatasi pamoja na tarehe ya leo, aibandike ukutani, na asubiri siku 30. Akiwa bado anaitaka, aanze kuiwekea akiba katika kibubu chake, nanyi mkubaliane mapema ni sehemu gani mtakayomwongezea. Vitu vingi hufutwa kwenye karatasi hiyo na mikono ile ile iliyoviandika. Masharti yangu ni kwamba karatasi iwe na majina ya baba na mama pia. Kama ninyi mnabadilisha simu kwa sababu rafiki amebadilisha yake, au mkirudi kutoka harusini mnazungumzia nguo na magari ya watu njia nzima, karatasi ya mtoto haitafaa kitu.

Mwisho, nendeni kwa mwalimu wa darasa. Kuchekwa kwa sababu ya mavazi hadi mtoto akatae shule ni uonevu, na uonevu ni kazi ya shule kuukomesha. Zungumzeni pia na wazazi wa marafiki zake wawili au watatu. Kila mmoja wao huenda anaambiwa kwamba "wote wanayo".

Mwalimu, ninafanya kazi mbali na nyumbani na hurudi mara chache kwa mwaka. Kila nirudipo huwaletea watoto zawadi, na mama yao huwaahidi kitu kipya wakifaulu mitihani, au huwanyang'anya walichonacho wakikosea. Safari iliyopita binti yangu wa miaka 9 alifungua begi langu kabla hajanisalimu. Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi. (Baba wa safarini)

Pole, ndugu yangu. Kukosa usingizi kwako kunaonyesha kwamba umeliona jambo mapema, kwani miaka 9 ni umri ambao mengi bado yanarekebishika.

Mwaka 2015 Marsha Richins na Lan Nguyen Chaplin walichapisha utafiti kuhusu watu wazima na namna walivyolelewa. Wale ambao utotoni walituzwa kwa vitu na kuadhibiwa kwa kunyang'anywa vitu walielekea zaidi, ukubwani, kupima mafanikio yao na ya wengine kwa mali. Wazazi wao hawakuwa watu wasiojali. Wengi walifanya hivyo kwa upendo, kama ufanyavyo wewe. Mtoto hajui kusoma nia ya mzazi. Anasoma mfuatano: nimefaulu, nikapewa, nimekosea, nikanyang'anywa, baba kaja, begi limekuja. Polepole kitu kinakuwa lugha ambayo upendo wote unasemwa kwayo, na mtoto hana kosa kwa kuisema lugha aliyofundishwa.

Usizikate zawadi ghafla, kwa sababu atadhani umemkasirikia. Safari ijayo begi lisifunguliwe hadi kesho yake, na mweleze mama yake mpango huo mapema ili msipingane mbele ya watoto. Siku ya kufika iwe ya kusalimiana, ya kuonyeshwa madaftari, ya kusikiliza nani kagombana na nani. Halafu zawadi yenyewe iwe kitu ambacho hakikamiliki bila wewe: kishada mtakachokitengeneza pamoja, mchezo wa bao utakaomfundisha, kitabu mtakachokisoma nusu ukiwa nyumbani na nusu kwa simu baada ya kuondoka. Unapokuwa mbali, piga simu kwa saa ile ile, na usimwulize "shule vipi", swali ambalo halina jibu. Mwulize kuhusu rafiki yake unayemjua kwa jina. UNICEF ilichapisha mwaka 2011 matokeo ya mazungumzo na watoto wa Uingereza, Hispania na Sweden, na watoto hao walipoulizwa kinachowapa furaha, walitaja muda na familia na marafiki, na kuwa na mambo mengi ya kufanya, hasa nje ya nyumba. Kuhusu mitihani, akifaulu mpeni haki ya kuamua familia itaitumiaje siku moja nzima.

Mwanangu wa miaka 5 hutazama video za watoto wanaofungua maboksi ya wanasesere, kisha hulia akitaka kila anachokiona. Je, nimweleze kwamba yale ni matangazo? (Mama kijana)

Mweleze, mwanangu, ila usitegemee aelewe. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilieleza mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi; wao huliona kama habari za kweli. Kwa hofu kama hiyo, jimbo la Quebec nchini Kanada limepiga marufuku tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, na nchi za Sweden na Norway haziruhusu matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wadogo. Mwaka 1978 watafiti Marvin Goldberg na Gerald Gorn walionyesha watoto wa miaka 4 hadi 5 tangazo la kitu cha kuchezea, kisha wakawauliza wangependa kucheza na nani: mtoto mpole asiye na kitu hicho, au mtoto asiye mpole aliye nacho. Waliotazama tangazo walielekea zaidi kumchagua yule asiye mpole, wakilinganishwa na wasiolitazama. Hilo hunisikitisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu tangazo halikugusa hamu ya kitu tu, liligusa hata namna mtoto anavyochagua rafiki.

Kwa umri wake, kinga ni kuzima na kukaa naye. Chagua mwenyewe video chache, zihifadhi, na ondoa ile hali ya video moja kuita nyingine. Akifika miaka 8 hivi, anza kumwuliza mnapotazama pamoja: nani ametengeneza hiki, anataka tufanye nini, na ni kitu gani hakutuonyesha? Watoto huupenda sana mchezo huo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 15. Marafiki zangu wote wana simu nzuri. Niliazima ya binamu yangu nikawaambia ni yangu. Aliponidai nikamrudishia, nami nikawaambia marafiki zangu kwamba imeibwa darasani. Sasa wanamshuku msichana mmoja ambaye hana marafiki, na jana walimwaga vitu vya begi lake. Mimi nilisimama tu. Tafadhali usichapishe jina langu. (Msomaji)

Marahaba, mwanangu. Jina lako halitajulikana, na ninakushukuru kwa kuandika sentensi ile ya mwisho kabla ya ombi lako, ile ya kusimama tu, kwa sababu ungeweza kuificha.

Kwanza yule msichana, maana yeye ndiye anayelipa sasa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na safari hii iliyopasuka imemvua mtu mwingine. Kila siku unayongoja, tuhuma inazidi kumganda, na katika darasa tuhuma ya wizi haitoki kwa urahisi hata ukweli ukijulikana. Kwa hiyo usisubiri hadi upate ujasiri. Ujasiri huja ukiwa umeshaanza kusema.

Unaogopa kwamba ukisema utabaki peke yako. Nikueleze jambo moja. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi, lakini wote waliokaa chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Katika takriban theluthi moja ya nafasi hizo, yule mmoja aliyekuwa akipimwa alifuata mkumbo na kutoa jibu ambalo macho yake yalilikataa. Wao walikuwa watu wazima, tena hawakuwa na cha kupoteza. Wewe una miaka 15 na ulikuwa na marafiki wa kupoteza, kwa hiyo usijione kiumbe wa ajabu. Halafu Asch akabadilisha jambo moja: akamweka mtu mwingine mmoja chumbani aliyesema kweli. Kufuata mkumbo kukashuka sana. Mtu mmoja tu alitosha. Jana, begi lilipomwagwa, msichana yule alihitaji mtu mmoja, na yawezekana mmoja au wawili kati ya marafiki zako walikuwa wakisubiri huyo mmoja aseme ili nao waseme.

Watakaoondoka ukisema kweli wataondoka, na itauma kwa wiki kadhaa, sitakudanganya. Utafiti wa Laurence Steinberg na Kathryn Monahan uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba uwezo wa kusimama mbele ya wenzako hukua mfululizo kati ya miaka 14 na 18, kwa hiyo ugumu unaouona leo hautabaki hivi. Mimi nina shaka kama marafiki hao walikuwa wakikupenda kwa ajili ya simu. Huenda hukuwahi kuwapa nafasi ya kukupenda bila hiyo simu.

Maneno yawe machache. Waambie marafiki zako, "Simu haikuibwa. Ilikuwa ya binamu yangu, nami niliona haya kuwaambia. Yeye hajachukua kitu." Usiongeze sababu, na usilie ili wakuhurumie, kwa kuwa huruma ya leo ni haki ya mwingine. Kisha mwendee msichana huyo ana kwa ana, umwombe radhi bila kumtaka akusamehe papo hapo. Tuhuma ilitangazwa darasani, kwa hiyo inapaswa kufutwa darasani, na hilo utahitaji mtu mzima akusaidie. Usiku huu mweleze mama, shangazi au dada yako mkubwa, yeyote unayemwamini zaidi, umsomee barua hii uliyoniandikia kama maneno yakigoma, na umwombe akusindikize kwa mwalimu wa darasa kesho kabla ya kengele ya kwanza.